Nyuzi za Anyango

Ajwang alikuwa mwanamke fundi wa kuziba nyavu pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshushia samaki, na mtu asikudanganye, hakuwa na mpinzani. Mwaka ule wa tisini na nne viwanda vya sangara vilikuwa vinaota kila upande, nyavu zinararuka kila siku, naye anaziba huku akiwatania wavuvi: "Nyie mnavua samaki au mnavua mawe?"

Mara binti yake wa miaka sita, Anyango, akavimba taya. Wakadhani jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi, jicho likaanza kusukumwa nje. Ndipo wakafika hospitali, na nesi Mwaija akamweleza Ajwang kwa lugha ya nyuzi, aliyoizoea kazini.

"Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno, macho hayavioni. Kila seli ina nyuzi ndani, ndizo zinaishikilia isibonyee. Ikitaka kugawanyika ziwe mbili, nyuzi ndizo zinavuta kila nusu upande wake. Sindano hii inavunja nyuzi, uvimbe ushindwe kuzaana. Sindano ziko sita. Usikose hata moja, mama Anyango."

Ya kwanza tu, uvimbe ukanywea. Ya tatu, taya likawa sawa kabisa. Lakini Anyango akaanza kuburuta miguu, anajikwaa kwenye sakafu tupu, kikombe kinamponyoka. Ajwang akamkimbilia nesi.

"Ni dawa," Mwaija akasema. "Mishipa ya fahamu nayo ina nyuzi hizohizo. Vumilia."

Vumilia! Ndilo neno la kumpa mama anayeona mtoto anapooza? Ajwang alizijua nyuzi. Miaka kumi na tano, uzi uliokatika haujawahi kujiunga wenyewe mkononi mwake. Taya limepona, akawaza, miguu inakwisha. Sindano tatu zaidi nibaki na mtoto wa kubebwa? Akakaa zake nyumbani, Igoma, sindano ya nne hakuifuata.

Na miguu ikarudi, jamani! Mwezi wa pili Anyango akakimbia mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi. Ajwang akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Siku ileile, akimwogesha, akagusa kitu kigumu chini ya taya, upande wa pili.

Safari hii sindano hazikufua dafu. Mwaija alilia pamoja na Ajwang wodini.

"Nyuzi za mwili si kama za nyavu, mama Anyango. Zikivunjwa, mwili unazijenga upya. Miguu ingerudi hata tungemaliza zote sita."

"Na za uvimbe?"

"Nazo zilijengwa upya, ulipoacha."

Anyango akapelekwa kuzikwa kwao Shirati, miguu yake mizima, haina hata dosari.