Bakora za Chini ya Kitanda

Nilipokuwa na magoti mazima ya mtu ambaye hajafika thelathini, nilikuwa na bakora nyingi kuliko wazee wote wa kijiji chetu wakiwekwa pamoja. Zilikuwa ngapi, sijui. Sikuzihesabu, na sikusahau kuzihesabu. Mtu anayelamba sukari kwa siri hapimi kijiko.

Tulikuwa tukikaa Jericho, Eastlands ya Nairobi, mimi na mke wangu na mtoto mmoja, katika nyumba ya baraza la jiji yenye vyumba viwili na jiko dogo. Kuta za Jericho yetu hazikuanguka kama za ile ya kwenye Biblia, lakini hazikuzuia neno pia. Jirani akikohoa, sisi tulisema pole. Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea mwisho, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kuajiriwa katika ofisi ya serikali, ambako kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kueleza kwa nini barua zilizotangulia hazikujibiwa. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu atamani kitu cha kushika.

Nilikipata Pumwani, kwenye karakana ya wachongaji. Mchongaji mmoja wa makamo, mtu wa Ukambani, alikuwa akichonga bakora ya mpingo yenye nyoka aliyejizungusha kuanzia chini hadi kwenye mpini. Niliishika, nikaona uzito wake, nikaona jinsi kichwa cha nyoka kilivyokaa chini ya kidole gumba kana kwamba kiliniona kabla sijazaliwa. Nikainunua. Baadaye nikarudi kwa ile ya kichwa cha simba. Kisha ya tembo, kwa sababu simba alionekana mpweke. Baada ya hapo sikuhitaji sababu.

"Profesa," mchongaji alizoea kuniita, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni karani tu mwenye digrii, "hii nimekufichia. Jana Mzungu mmoja ameililia."

"Ameililia vipi?"

"Machozi kabisa. Nikamwambia, ndugu yangu, hii ina mwenyewe."

Basi mwenyewe akalipa. Ukimsikiliza mchongaji yule, hakuna Mzungu aliyepita Pumwani miaka ile akarudi hotelini na macho makavu.

Hatia ilikuwa ikinishika njiani, kabla hata sijafika nyumbani, nayo haikuwa hatia ya pesa peke yake. Kwetu, magharibi mwa nchi, bakora si pambo. Mwanamume ambaye baba yake yu hai hatembei nayo. Bakora ya ukoo hukaa mkononi mwa baba, na siku baba anapozikwa ndipo mwana wa kwanza hukabidhiwa mbele ya watu. Kijana anayejitembeza na bakora baba yake akiwa bado anakunywa chai, huyo ni kama anamwuliza mzee ataondoka lini. Jambo moja tu humwondolea lawama: awe ameumia mguu.

Nami nilikuwa mwana wa kwanza, baba yangu alikuwa hai na chai alikuwa akiipenda sana. Na Jericho ilikuwa imejaa watu wa kwetu. Njia ya kutoka Pumwani ilinipitisha mbele ya akina mama wa kwetu waliouza mboga karibu na lango la mtaa, na bakora haiingii mfukoni. Nilijaribu kuipitisha ndani ya mguu wa suruali, nikashindwa kupiga hatua. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Niliitoa, nikaiegemea, nikapita mbele ya mboga nikichechemea.

"Pole, mwanangu! Umefanya nini?"

"Goti tu, mama."

"Goti? Na ujana huo wote?"

Uongo wa mguu una taabu yake: hauwezi kupona siku ile ile. Ilinibidi nichechemee wiki nzima. Kila niliponunua bakora nyingine, goti lilirudia. Lilikuwa likipata nafuu katikati ya mwezi na kuzidiwa mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutambua mwenendo huo wa ugonjwa. Majirani waliniletea dawa za kuchua. Kanisani waliliombea goti langu kwa sauti kubwa, nami nikasimama katikati yao nimefumba macho, nikimwomba Mungu asisikilize.

"Baba watoto," mke wangu alisema jioni moja, ingawa mtoto alikuwa mmoja, "wewe una miguu mingapi?"

"Hizi si za kutembelea. Ni sanaa."

"Sanaa inalala chini ya kitanda na buibui?"

"Utamaduni wetu unapotea. Lazima kuwe na mtu wa kuuhifadhi."

"Haya. Mimi nahifadhi viazi huko huko. Uambie utamaduni usogee."

Nilimwahidi kuwa ile ndiyo ya mwisho. Nilikuwa nikimwahidi hivyo kwa moyo mweupe, na kila mara.

Krismasi ile hatukwenda nyumbani, lakini mmoja wa wale akina mama wa mboga alikwenda. Habari za goti langu zikasafiri pamoja naye, na barabara ya magharibi ni ndefu, habari hukua njiani. Mwezi wa pili, Jumamosi asubuhi, mlango ulibishwa. Nilipofungua nilimkuta baba yangu.

Hakuwa ametuma neno. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Mkono wa kulia alikuwa akiegemea mwavuli, na ncha ya mwavuli ilikuwa imepinda kwa uzito wake. Kwapani alikuwa amebana kitu kirefu kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Tangu lini baba alitembea kwa tabu hivyo, sikujua. Hakuna aliyeniletea habari za goti lake.

Tulisalimiana. Alisali, akakaa, akanywa chai. Kisha akanigeukia na kusema kwa lugha yetu, "Hebu tembea nikuone."

Nikainuka. Nilianza kuchechemea mguu wa kushoto, nikamsikia mke wangu anakohoa jikoni, nikahamia wa kulia, kisha nikaketi.

Baba alitikisa kichwa polepole. "Kumbe ni kweli. Nilidhani yule mama ametia chumvi." Akafungua gunia.

Niliitambua kabla haijatoka yote. Ilikuwa nyeusi, haina nyoka wala simba, na pale juu ilikuwa imelika na kung'aa kwa viganja vya watu wawili: babu, kisha baba. Ndiyo bakora ya ukoo. Utotoni tulikuwa haturuhusiwi hata kuivuka ikiwa imelala chini.

"Ulijua itakuja kwako," baba akasema. "Nilifikiri itakuja kwa njia yake. Lakini nitatembeaje nayo nikijua mwanangu anaburuta mguu Nairobi?"

"Na wewe, baba?"

"Nina mwavuli. Siku hizi mvua haina majira."

Akailaza juu ya magoti yangu, yale magoti mazima. Nikiifunga mikono yangu juu yake, nitakuwa nimemrithi baba yangu akiwa ameketi mbele yangu, kwa sababu ya uongo, na atarudi nyumbani akiegemea mwavuli uliopinda. Nikiikataa, lazima niseme ni kwa nini. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na katika yote niliyosoma hapakuwa na sentensi ya kuanzia.

Sauti ya mke wangu ikatoka jikoni, ya upole kabisa, sauti ya mkaza mwana mwenye adabu zake.

"Baba watoto! Makaa yameisha. Zile kuni zako za chini ya kitanda, nichukue moja?"

Baba aliinua uso. "Nairobi mnapika kwa kuni?"

"Wakati mwingine, baba."

"Na mnaziweka chini ya kitanda?"

Ningeweza kukaa kimya. Kwetu baba mkwe havuki kizingiti cha chumba cha mwanawe na mkewe, hata nyumba ikiwaka moto atasimama nje na kuita. Mlango ule ulilinda siri yangu kuliko askari wa benki, na mke wangu alijua hivyo. Alikuwa amenifungulia kidogo tu. Kuingia na kutoka lilikuwa jukumu langu.

Niliiweka bakora ya ukoo kwenye kiti, nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikaanza kuvuta. Nilitoka na mzigo wa kwanza mikononi kama mtu aliyetoka msituni, nikaulaza sakafuni mbele ya baba. Nikarudi. Katika mzigo wa pili nilisahau kuchechemea.

"Mguu umepona," baba akasema.

Nililaza simba, tembo, mamba, twiga wawili, na kiazi kimoja kilichofuatana nao. Baba alizitazama muda mrefu. Kisha akachukua moja, akaigeuza.

"Hizi zote ni za nani?"

"Zangu."

"Za kutembelea?"

"Hapana. Za kutazama."

"Na huwa unazitazama?"

Aliuliza kwa nia njema, alitaka kujua. Ndiyo maana swali lile lilinichoma. Tangu nilipoingiza ile ya twiga wa kwanza sikuwahi kuitoa tena. Nilikuwa nikizitazama zikiwa Pumwani tu, mikononi mwa mtu mwingine.

Baba alinyoosha mkono, akaichukua bakora ya ukoo kutoka kwenye kiti, akaisimamisha katikati ya magoti yake na kuifumbata kwa mikono yote miwili.

"Basi hii bado siku yake," akasema. Kisha akaongeza, "Usiku kucha ndani ya basi nimekuombea mguu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningefarijika.

Mke wangu aliingia na chai nyingine, akapiga goti na kumtengea. Baba alimtazama, akazitazama tena zile bakora.

"Mama, kuni za namna hii zinawaka vizuri?"

"Sijui, baba. Sijawahi kuruhusiwa kuzijaribu."

Ndipo mzee alipocheka. Alicheka hadi akakohoa, na jirani upande wa pili wa ukuta akasema pole.

Jumatatu alipokuwa akiondoka aliomba kamba ya katani. Alizifunga bakora zote kama mtu anayefunga miwa ya kupeleka sokoni, huku akinitajia wazee wa kwetu: fulani anatembea na mpini wa jembe, fulani anashika ukuta wa boma lake mwenyewe kama mwizi. Aliniachia moja, ile ya nyoka. Akasema isimame hapo sebuleni. "Ya kutazama." Hadi stendi ya mabasi nilibeba mzigo ule begani, nikitembea wima, na wale akina mama wa mboga walimsifu Bwana kwa sauti.

Pumwani sikuacha kupita mara moja. Mwezi uliofuata nilipita, mchongaji akaniambia habari za machozi ya Mswidi, nami nikaishika bakora ya kichwa cha faru hadi mikono ikatoka jasho. Nikamrudishia. Aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyepona bila dawa yake.

Mwisho wa mwaka tulikwenda nyumbani. Sikuwahi kuona maonyesho kama yale. Simba alikuwa akishuka kisimani, akionya mbuzi. Tembo alikuwa ameegemezwa mlango wa kanisa akingoja ibada iishe. Twiga wawili niliowalaza kwa miezi gizani walikutana njia panda wakasalimiana, na wazee waliowashika wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine. Kijana wa Nairobi, walisema, hakuwasahau wazee. Walinibariki kwa baraka ambazo sikuzitolea jasho, na baba alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda chake, bakora nyeusi katikati ya magoti, akisikiliza yote. Hakuwa amewaambia kitu.

Mmoja, yule wa mamba, akakumbuka. "Na lile goti lako, mwanangu? Tulisikia Nairobi ilikuwa inakula mguu wako."

Nilifungua kinywa, lakini baba alinitangulia.

"Limepona," akasema. "Ameacha kulipeleka Pumwani."

Wazee waliitikia kwa vichwa, kama watu wanaojua kwamba mjini kuna mahali pabaya kwa magoti. Mimi niliinama, nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.