Ndege Sitini Juu ya Meza ya Mama

Harufu ya plasta mbichi hainitoki puani mpaka leo. Ni harufu ya ukuta uliopakwa chokaa jana, na kila nikikutana nayo hospitalini hurudi moja kwa moja kwenye msimu ule wa mvua ndefu, nikiwa darasa la sita, mguu wa kulia umefungwa kuanzia pajani hadi karibu na vidole, nimekaa nyumbani kwetu mtaa wa Manyatta huku wenzangu wakienda shule. Mama alikuwa amenionya nisiruke ule mtaro ukiwa umejaa maji. Niliruka. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwangu mimi hiyo haikuwa methali, ilikuwa taarifa ya daktari. Wiki za kwanza nililia kwa maumivu, zilizofuata nikalia kwa upweke, na ule upweke ndio uliouma zaidi.

Kaka yangu Omondi, aliyenizidi miaka mitatu, ndiye aliyeuvumbua mchezo wetu wa vita vya angani. Ndege zilikuwa vifuniko vya soda, vyekundu vyake na vya kijani vyangu. Uwanja ulikuwa meza kubwa ambayo mama, aliyekuwa fundi cherehani, alikatia vitambaa; tulitandika juu yake kipande cha bitana ya buluu, tukakiita Ghuba ya Winam, kama ile ya ziwani kwetu. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na sisi tulikuwa chungu wenye furaha. Sheria za Omondi zilikuwa za kina sana. Kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake kilichoandikwa imepaa kiasi gani, inakwenda mbio kiasi gani, na imebakiza risasi ngapi. Kabla ya kusogeza, kila mmoja wetu aliandika kwa siri atakakoelekea, kisha tukafunua pamoja, tukaangua kicheko au tukagombana. Kwa ndege mbili dhidi ya mbili, sijaona mchezo mtamu kama ule. Mwaka ule Omondi akaingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni upande wa Maseno, akaniachia mkebe wote, ndege thelathini zake na thelathini zangu.

Nilitaka vita vikubwa vya mara moja, ndege zote sitini angani kwa pamoja. Mama alitoka asubuhi kwenda kibandani kwake sokoni na kurudi saa kumi, na meza ilikuwa yangu katikati ya saa hizo. Alinikalisha kwenye kiti kirefu, mguu juu ya stuli, nikasogeza ndege kwa rula yake ndefu ya mbao. Lakini kwa sheria za Omondi, kufikia saa tisa nilikuwa nimesogeza kikosi chote mara mbili tu, na vikaratasi sitini vilikuwa vimetapakaa hadi sakafuni nisikoweza kuinama. Halafu ile siri, nimfiche nani? Niliandika amri za wekundu nikijua za kijani, na wekundu walipigwa kila siku, maskini, bila kosa lolote. Mama akarudi, akaweka kikapu chini, akaniangalia.

"Achieng', hii vita yako inaisha lini? Mimi nataka meza."

Nikafagia ndege kwa mkono na kuzirudisha mkebeni, machozi yakinilengalenga.

Jawabu lilinijia dirishani. Jioni yangeyange walirudi kutoka mashambani kwenda kulala upande wa ziwa, weupe, wengi kuliko niwezavyo kuhesabu, na nikaona kwamba hakuna ndege aliyekuwa akijiamulia peke yake. Kundi lilikata kona, wote wakakata. Kesho yake nilitwaa boksi la nyuzi, nikalipasua, nikaandika upande wa ndani sheria mpya. Ndege sita ni kundi moja na kikaratasi kimoja. Viwango vya kupaa ni vitatu tu, chini, kati na juu. Karata zitachanganywa ziamue kundi gani linatangulia. Na wekundu hawataamriwa nami tena, wataamriwa na dadu ya ludo: moja watoroke, mbili wapae, tatu au nne waendelee, tano wamgeukie adui aliye karibu, sita wamshukie. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Kwani wiki hiyohiyo bibi yetu, ambaye tulimwita Dana, alikuwa amekuja kutoka kijijini Pap Onditi baada ya kupanda, na nilimsikia akimsimulia mama jinsi mjomba mdogo alivyongoja siku kumi, mvua ikinyesha, udongo ukiwa tayari, kwa sababu kaka yake mkubwa hakuwa amefika kutia mbegu yake kwanza. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Akimtangulia anaita chira, ule ugonjwa wa kuvunja mwiko unaomkausha mtu polepole, yeye au ndugu yake. Na mimi, mdogo, nilikuwa nakaribia kuanzisha sheria mpya juu ya za Omondi, naye yuko mbali, analala kwenye bweni la baridi. Akilini nilimwona akikonda kwa ajili yangu. Siku tatu lile boksi lilikaa chini ya godoro langu. Mwishowe nikamwambia Dana yote. Hakucheka.

"Nyakwara, mjukuu wangu, meza si shamba," alisema. "Lakini kama roho yako inaogopa, muulize mwenyewe. Mkubwa akisema sawa, ni sawa."

Jumapili ya wazazi kutembelea shule, mama alibeba chapati, sabuni na barua yangu ya kurasa mbili. Nilikaa kutwa nikisikiliza geti. Jibu lilikuwa nusu karatasi: "Achi, anza tu. Mimi niliwacha hiyo mchezo. Huku ni mambo ya watu wakubwa." Ruhusa nilikuwa nimeipata, na nilijifunika shuka nikalia hadi Dana akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimeogopa kumpoteza kwa chira. Sikuwa nimefikiria kwamba angeweza tu kukua.

Jumatatu nilipanga ndege zote sitini. Vita vilianza saa tatu, na kufikia saa sita wekundu walikuwa wamenizunguka kutoka pande mbili. Dadu ilitoa sita mara tatu mfululizo, nikapiga kelele hadi Dana akaja mbio na mwiko mkononi. Saa nane na nusu nilikuwa nimeshindwa. Kwa mara ya kwanza tangu Omondi aondoke kulikuwa na mtu upande wa pili wa meza, naye alikuwa amenipiga kihalali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikubali nikicheka peke yangu, mguu ukiniwasha ndani ya plasta. Mama aliporudi alikuta meza tupu, imepanguswa.

Leo nina meza yangu, na vifuniko vimekuwa vindege vidogo nilivyovipaka rangi mwenyewe. Sheria sasa hupakuliwa kwenye simu, na wenzangu wa mchezo huniuliza wachague zipi kwa vita vikubwa vya angani vya kuchezwa na mtu mmoja. Huwaambia wachague zinazosogeza makundi, zinazomaliza vita kabla ya chakula kuiva, na zinazoweza kukushinda bila huruma. Nina sheria bora kuliko za boksi lile, na muda wa kutosha, na hakuna anayenidai meza. Kelele za siku ile, hata hivyo, sijazipiga tena.

Krismasi iliyopita Omondi alikuja, akasimama mezani kwangu akishika ndege moja moja kwa uangalifu. Ndipo akaniambia, kama jambo dogo, kwamba muhula uleule wa barua yake kiranja alimnyang'anya daftari la sayansi kwa sababu nusu yake ilikuwa michoro ya ndege zetu.

"Sasa mbona uliniandikia umewacha?"

Aliirudisha ndege mahali pake. "Ningekuambia ukweli, si ungeningoja?"

Ningemngoja. Ningemngoja hadi leo.