Kopo Juu ya Bomba la Mashine

"Kumi tu, mama," mtendaji wa kata aliniambia, akanisukumia karatasi juu ya meza. "Tisini na sita toa themanini na sita. Kwa kumi hiyo ndiyo unatusumbua ofisi nzima?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Nilimwambia hizo ni desibeli, vipimo vya kelele, si magunia, hazitolewi hivyo, na kama hajui anachosoma aseme hajui. Akaniuliza nilifika darasa la ngapi. Nikamjibu fomu faivu, na fizikia nilisoma.

"Fomu faivu." Akawageukia wazee wawili waliokuwa wanasubiri muhuri. "Na hukumaliza kwa nini?"

Jibu lilikuwa limekaa pajani kwangu, lina miezi tisa, linanyonya kidole. Wazee wakacheka. Nikachukua karatasi yangu, nikambeba binti yangu, nikatoka bila kuaga.

Hiyo ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Shule ilinifukuza tumbo lilipoonekana. Baba, kule Kibaoni, alisema nyumbani kwake nisirudi. Baba wa mtoto alikuwa chuoni Tabora, na barua zangu alizijibu mara moja tu, kwa mistari minne. Mama mkubwa ndiye aliyenionea huruma. Alikuwa amemfuata mumewe aliyehamishwa na kazi ya reli, akaniachia chumba chake nikae bure. Chumba kizuri, bati zima, dirisha moja. Hatua chache kutoka mlangoni ilisimama mashine ya kusaga.

Mashine ya dizeli ina kelele, hilo sikulikatalia. Nilichokataa ni kopo. Mwenye mashine alikuwa amefunga kopo la bati kwenye mdomo wa bomba la moshi, juu kule, ili kila injini inapopumua kopo lipige kelele yake: ko, ko, ko, toka asubuhi mpaka jua linazama. Hakikuwa kimeharibika kitu. Lilikuwa tangazo. Watu wa mbali wakilisikia wanajua leo dizeli ipo, wanajitwika mahindi wanakuja. Mashine nyingi zilifanya hivyo, na mwenye kopo kali ndiye aliyepata wateja.

Mimi ningelivumilia. Lakini binti yangu alikuwa ameanza kunitia wasiwasi. Nilikuwa na mchezo wa kukaa nyuma yake na kugonga sufuria kwa kijiko, taratibu, naye anageuka huku anacheka. Siku ambazo mashine haikuwashwa aligeuka vizuri. Siku za kusaga, hata baada ya injini kuzimwa, niligonga mpaka nikachoka, yeye anaendelea kuchezea kanga. Muuguzi wa hospitali alimtazama masikio, akasema hayana usaha, nimwondoe kwenye kelele. Nikamuuliza nimpeleke wapi. Akaita mgonjwa mwingine.

Basi alipopita afisa kutoka mkoani, Sumbawanga, akikagua sehemu za kazi, nikamfuata. Alikuwa na kipimo cha sauti cha kushika mkononi kama tochi. Nilimwomba apimie mlangoni kwangu, kopo likiwepo na likiwa limetolewa. Alikubali, nadhani ili niache kumfuata. Namba mbili akamwachia mtendaji, akapanda gari akaondoka. Ndizo zilizokuwa kwenye karatasi niliyosukumiwa.

Nilipotoka kwa mtendaji nilifika nyumbani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoa kitabu changu cha logi, yale majedwali ya hesabu, kitu pekee cha shule nilichokuwa nimebaki nacho. Mashine inaunguruma, nami naandika. Desibeli ni logi, kwa hiyo kumi ikiongezeka, ukali wa sauti unazidishwa mara kumi. Unaanza na sauti hafifu kabisa ambayo sikio linaipata, wati moja iliyogawanywa kwa milioni ya milioni, kwa mita moja ya mraba. Tisini na sita gawa kwa kumi, tisa nukta sita. Antilogi ya nukta sita ni karibu nne, na ile tisa ni sifuri tisa za kuifuata. Nikapata sehemu nne za elfu za wati kwa kila mita ya mraba ya mlango wangu. Bila kopo, sehemu nne za elfu kumi. Kopo moja la bati lilikuwa limenijengea mashine tisa nyingine juu ya ile moja.

Kimo cha wimbi lenyewe, yaani hewa inavyosogea mbele na nyuma, hakiongezeki mara kumi. Ukali unafuata mraba wa kimo, kwa hiyo kimo kilizidi mara tatu na kidogo. Nikakadiria mitikisiko mia kwa sekunde, nikakokotoa: hewa ya mlangoni kwangu ilikuwa inasogea sehemu saba za elfu za milimita. Unywele ni mnene kuliko hapo. Mtendaji akiipata hii, nikajiambia, nimekwisha.

Hesabu ilikuwa sahihi na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Shuleni ungemsukuma mwenzako kiwiko, akakosoa au akanakili. Hapa nilikuwa naijua peke yangu, na mashine ikizimwa jioni ulibaki ukimya ambao haukuwa na mtu ndani yake.

Kesho yake nikamwendea mwenye mashine. Nilimwambia kopo lake ni sawa na mashine kumi. Hakukasirika. Alifikiri kabisa.

"Binti, zingekuwa kumi, mbona nanunua dizeli ya moja?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nikamweleza kwamba nguvu ya injini karibu yote inakwenda kwenye kusaga na kwenye joto. Kelele yake yote, ukiikusanya pande zote, haizidi wati mbili au tatu. Ni ya balbu ya tochi.

"Kumbe balbu ya tochi ndiyo inakuliza," akasema, na foleni nzima ya kina mama ikaangua kicheko. Kila namba ya kweli niliyoitoa ilinigeuka.

Mmoja hakucheka. Alikuwa mama wa Kisukuma aliyetoka Mwamkulu, debe la mahindi bado liko kichwani. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa lugha yao, "mimi nikiwa nyumbani sina habari za huku mjini. Lile kopo ndilo linaniambia nisije bure. Ukilitoa, utakuja wewe kuniambia?"

Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika zaidi, kwa sababu alikuwa na haki. Nikamkalisha mtoto, nikagonga sufuria. Hakugeuka. Nikaandika barua siku hiyohiyo, nikaipeleka wilayani kwa mkono wangu, nikangoja mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa. Niliandika hivi:

Kwa Afisa Afya wa Wilaya, Mpanda.

YAH: MALALAMIKO JUU YA KELELE ZA MASHINE YA KUSAGA

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi jirani na mashine iliyotajwa. Kipimo cha afisa wa mkoa kinaonyesha desibeli 96 mlangoni kwangu kopo likiwa kwenye bomba, na 86 likitolewa. Tofauti hii si ndogo. Ni sauti ya mashine kumi badala ya moja. Ofisi ya kata imeelezwa na haikuelewa.

Siombi mashine ifungwe. Kina mama wanatoka mbali na wanahitaji kujua kama inasaga. Naomba kopo liwekwe asubuhi mashine inapowashwa, ili wasikie, kisha litolewe siku nzima, na bomba ligeuzwe lisielekee nyumba za watu.

Binti yangu hasikii vizuri siku za kusaga. Nitakuja naye siku yoyote mtakayotaka. Mpimeni asubuhi kabla injini haijawashwa, kisha mpimeni tena jioni.