Kopo la Biskuti Juu ya Friji

Katika nyumba ya shangazi yangu, Mbagala, kumaliza dozi ya dawa kulihesabiwa uchoyo. Ukipata nafuu ulitarajiwa ubakize vidonge na uvitie kwenye kopo la biskuti lililokaa juu ya friji yake, ili mwenzako akiugua asihangaike. Wapangaji wote walilijua. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, vyeupe vya duara, vya njano vilivyokatwa nusu kwa kisu cha mkate, na chupa ya dawa ya mtoto ambaye sasa yuko sekondari.

Nilihamia kwake nilipopata kazi mjini, na kwa kuwa napenda kuchungulia mambo, nilianza kufuatilia jinsi kopo lilivyofanya kazi. Mtu akitoka chumbani anakohoa, shangazi alimuuliza swali moja tu: kikavu au cha makohozi? Ukijibu kikavu, ulipewa vya rangi mbili. Ukijibu cha makohozi, ulipewa vya rangi mbili.

Mpangaji wa chumba cha mwisho, mchonga vinyago kutoka Newala, alikuwa akikohoa kwa sababu ya vumbi la mpingo. Naye hakusalimika.

"Mama, mie kifuani nina mbao, sina wadudu," alimwambia.

"Meza tu. Wakija wakukute umejiandaa."

Akameza viwili na kurudisha vilivyobaki kwenye kopo, kama mtu muungwana.

Shangazi ni mshereheshaji. Amesherehesha harusi na vikao vya kina mama kuanzia Mbagala hadi Boko, na ana sauti ambayo ukumbi ukikatika umeme watu hawagundui kama kipaza sauti kimezimika. Kwa hiyo binti yake pekee alipochumbiwa, alitangaza kwamba sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ataisherehesha mwenyewe. Kamati ilimkumbusha kwamba kinyozi hajinyoi, na kwamba mahali pa mama wa bibi harusi ni meza kuu.

"Basi leteni wembe," alisema. "Nitajinyoa mbele yenu."

Kikohozi kikamwanza wakati kadi zinagawiwa. Akafungua kopo, akameza, akapata nafuu, akaacha na kurudisha vilivyobaki. Kikarudi, mara hii na homa. Akameza tena, nafuu ikaja kwa kusuasua, akaacha tena. Kilipokuja mara ya tatu, kifua kilimchoma ubavuni kila alipovuta pumzi. Kwenye mazoezi ya sendofu, pale uani nyumbani, alimaliza salamu tu, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameshika kifua. Nikawasikia wanakamati wakinong'ona kuhusu mshereheshaji mmoja wa Mikocheni.

Naye aliwasikia.

"Yule? Yule anasherehesha kama anatangaza msiba," alisema, lakini kwa sauti ya chini mno. Binti yake akaingia ndani na kurudi na mkoba wa mama yake. Safari ya hospitali ilianzia hapo.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Akamsalimia, "Shikamoo mama," akampima, akampeleka kupigwa picha ya kifua, akasema ni nimonia. Kisha akauliza ametumia dawa gani. Shangazi akafungua mkoba na kumwekea kopo zima mezani.

Daktari alifungua kifuniko na kutazama ndani kwa muda.

"Mama, hili ni duka."

"Hatuuzi, mwanangu. Tunagawa."

Wakachukua makohozi yake ya kupima, na wakati tukisubiri majibu akaanzishiwa sindano. Tuliporudi kuyafuata, niliomba nione walichokipata, na daktari akatupeleka mpaka dirishani pa maabara. Walituonyesha kisahani chenye rojo jekundu. Juu yake wadudu wa kifua cha shangazi walikuwa wameota kama ukungu, na kati yao palikuwa na viduara vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya viduara palikuwa wazi kabisa, wadudu wamekimbia. Lakini kwenye kiduara cha ile dawa ya rangi mbili walikuwa wameota mpaka ukingoni, wameegemea karatasi kama watu walioegemea ukuta wa jirani.

"Hawa hawaiogopi tena," daktari alisema. "Bakteria hawafanani, mama. Wachache huwa wagumu kuliko wenzao. Ukimeza kidogo, wanyonge wanakufa na wewe unapata nafuu. Wagumu wanabaki, wanapata nafasi, wanazaana. Ukirudia, unawachuja tena."

"Kumbe nilikuwa nawachagulia mbegu," alisema shangazi.

"Ndiyo. Na wanaazimana mbinu wao kwa wao, kama nyie mnavyoazimana vidonge. Halafu mnakoholeana uani, wanahama chumba kwa chumba. Na mafua mengi ni virusi, hiyo dawa haiwagusi kabisa. Inaenda kuwafundisha ukaidi bakteria waliokuwa wamekaa kimya puani."

Shangazi akauliza, "Hata fundi vinyago?"

"Ana nini?"

"Vumbi la mbao."

Daktari alicheka mpaka akaomba radhi. Akamwandikia shangazi dawa ambayo kiduara chake kilikuwa wazi, na kumweleza aimeze kwa saa na kwa muda wote alioandikiwa, hata akijisikia mzima. Kopo lilibaki hospitalini likateketezwe. Shangazi aliomba arudishiwe kifuniko tu, akakataliwa.

Homa ilishuka, ubavu ukaacha kuchoma, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Kila alipomeza akiwa mzima aliona kama anakula peke yake watu wakimtazama. Binti yake akamwekea mlio kwenye simu.

Siku ya sendofu alisimama na kipaza sauti. Salamu zikapita, utambulisho wa ukoo ukapita, sauti ikazidi kupanda, na mtu wa Mikocheni hakutajwa tena. Katikati ya kuita zawadi, simu ikalia kwenye mkoba wake. Akainyamazisha, akatoa kidonge, akaomba maji meza kuu, akameza huku kipaza sauti kikituletea ukumbi mzima ule mkupuo. Kisha akainua pakiti juu, tupu.

"Jamani, hiki kilikuwa cha mwisho," alisema. "Nimemaliza peke yangu, sijambakizia mtu."

Kina mama wakapiga vigelegele. Kutoka meza za nyuma nikaisikia sauti ya fundi vinyago, ambaye siku hizi anachonga amefunga kitambaa puani.

"Mchoyo huyo."

"Na wewe ukikohoa vumbi, unywe maji tu," alimjibu, akaita familia inayofuata kuleta zawadi.