Waonyeshe Karatasi
Mimi ni Mkenya niliyeolewa Nachingwea, na skuta yangu ndiyo iliyonifanya nimshuku kila mtu. Nilikuja na leseni ya kwetu, lakini kila niliyemuuliza kama inatosha huku alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema inatosha, mwingine akasema ni kosa kubwa, wa tatu akasema anamjua mtu wa kunisaidia. Huyo anayemjua mtu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nikaingia darasa la udereva upya kama asiyewahi kushika usukani, nikafanya mtihani mbele ya trafiki, nikapata leseni ya Tanzania. Bima nikakata. Kofia nikanunua mbili.

Hata hivyo sikutulia. Asubuhi moja trafiki alinipungia mkono nipite. Kwa nini hakunikagua? Nikaona huo ni mtego. Nikageuza, nikamrudia na leseni mkononi.

“Mama, kwani nimekuuliza?”

“Iangalie tu, afande, nisije nikasumbuliwa mbele.”

Akaiangalia, akaniangalia na mimi, akanirudishia. Nilipoondoka nilimwona kwenye kioo akimweleza mwenzake jambo, na nilijua jambo lenyewe ni mimi.

Mama mkwe wangu aliishi Chinongwe, upande wa Ruangwa. Kila nilipompeleka zahanati alikaa nyuma kiupande, amefumba macho, amenikumbatia kiuno. Kusoma hakujua, lakini mimi alinijua vizuri. Akihisi tumepunguza mwendo tu, alinipiga begani: “Waonyeshe karatasi, mwanangu! Waonyeshe!” Hata kama waliosimama barabarani ni ng’ombe wa wafugaji.

Alifariki alfajiri moja, msimu wa korosho. Mume wangu alikuwa ametangulia huko kumuuguza. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri, na maiti haimngoji mtu. Nilitaka jambo moja tu, niuone uso wake kabla jeneza halijatoka. Nilikimbiza skuta kwenye vumbi huku nikilia ndani ya kofia.

Karibu na nyumba nikakuta gogo limelazwa njiani. Mwanamke wa makamo, amevaa kizibao cha kung’aa cha bodaboda, akapuliza filimbi.

“Leseni!”

Mkono wangu ukaitoa wenyewe. Akaigeuza juu chini.

“Hii imekufa,” alisema. “Imekufa leo alfajiri.” Akachomoa ufunguo wa skuta, akautia kifuani.

Damu ikanipanda kichwani. Nilikuwa nimesikia habari za matapeli wanaovizia watu wenye msiba, na sasa nimeingia mikononi mwao mwenyewe.

“Mwizi!” nikapiga kelele. “Mwizi, jamani!”

Watu wakatoka uani mbio. Hakuna aliyeokota hata jiwe. Walicheka, palepale msibani, wengine macho bado mekundu. Nilitamani ardhi inimeze.

Wifi yangu akanishika mkono. “Wifi, hao ni watani wetu. Msibani wana ruhusa ya kufanya watakalo. Wameshaiba sufuria ya wali na viatu vya mjomba. Ukikasirika umeshindwa.”

“Basi wawatanie nyinyi,” nikasema. “Mimi ni mgeni.”

Mwenye filimbi akaacha kucheka. “Mgeni tunampisha, tunampa pole. Mkamwana wa nyumba hii ndiye tunayemkamata. Haya, pita ukamwone mama yako.”

Nilimkuta. Macho yalikuwa yamefumbwa vilevile kama nyuma ya skuta. Nikamuaga. Baadaye wanaume wakaondoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki.

Nilipotoka nje, skuta ilikuwa imesimamishwa chini ya mkorosho, na mwenye filimbi amekaa nyuma yake, kiupande, amefumba macho, mikono imekumbatia hewa. Sijui nani alimsimulia, au alituona tukipita siku zote hizo.

“Waonyeshe karatasi, mwanangu!” aliita, kwa sauti ileile ya mama mkwe. “Waonyeshe!”

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi machozi yalinitoka upya. Nikavaa kofia, nikapanda mbele yake, na mikono yake ikanishika kiuno.