Bendera Iliyoshuka Saa Nane Mchana

Siku yangu ya kwanza jeshini nilitaka bunduki, nikapewa clairon. Kwa wale ambao hawajaiona, clairon ni tarumbeta fupi ya shaba isiyo na vitufe vya kubonyeza. Sauti zake zote zinatoka kwenye midomo na pumzi ya mpigaji. Nilikuwa kijana mwenye kifua kipana, na kifua hicho ndicho kilichoniponza. Tulipangwa mstari kambini, ng'ambo ya mto, akapita Adjudant mkuu wa clairon, akatugonga vifuani mmoja mmoja kama mama anayekagua sufuria asiuziwe yenye ufa. Akasimama kwangu.

"Wewe, jina?"

"Asumani, mon adjudant. Mutoto ya fundi cherehani."

"Bon. Baba yako anashona nguo, wewe utashona upepo. Kuya huku."

Wenzangu walicheka hadi wakakemewa. Niseme ukweli, nilikasirika. Sisi ni wa familia zile za Kiislamu zilizokaa Kisangani tangu enzi za misafara ya biashara, na nyumbani nilikuwa nimejitapa kwamba nitarudi na silaha begani. Nikarudi likizo ya kwanza na midomo iliyovimba. Baba alinitazama, akauliza kama jeshini wanatulisha pilipili tupu.

Hakujua kwamba pilipili ndiyo tuliyokatazwa. Mpiga clairon hali pilipili kabla ya kazi, anapaka midomo mafuta ya mawese asubuhi, na wiki mbili za kwanza haigusi clairon yenyewe. Unapewa embouchure tu, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, unakipuliza hadi mashavu yanawaka. Baadaye unaingia kwenye milio: wa kuamsha, wa chakula, wa kukusanya watu, wa hatari, na ule mkubwa kuliko yote, Au drapeau, mlio wa bendera. Mpishi akikosea chumvi, watu wananuna. Mpiga clairon akikosea mlio, kikosi kizima kinapotea. Mimi nilikosea mara moja. Siku ya zoezi la hatari nilipiga mlio wa chakula, na kikosi kikatoka mbio na sahani mikononi.

"Adui angekuya leo," Adjudant akaniambia, bila kupandisha sauti, "tungemukaribisha na lituma."

Lituma ni ndizi za kupondwa. Nikalala rumande siku nne. Sikukosea tena.

Vita nilivyoviona sitavieleza sana. Vijana wanaokuja kunisalimia hupenda niwasimulie risasi, nami huwaambia kwamba kazi yangu kubwa vitani ilikuwa kuzika. Kila tulipomzika askari, mpiga clairon alisimama kichwani mwa kaburi. Niliwapigia wenzangu niliokula nao sahani moja. Nilimpigia hata Adjudant wangu, yule wa upepo, na siku ile nilimaliza mlio huku machozi yanaingia kwenye embouchure. Nilipotoka pale niliapa kwamba, kama Mungu atanipa kazi nyingine, itakuwa ya kuzuia watu wasife kabla ya siku yao. Kiapo cha mtu mwenye uchungu, lakini nilikishika.

Kazi nyingine ilikuja. Baada ya miaka ya kulinda bichi ya Yanonge, mahali mitumbwi na baleinière, zile mashua kubwa za mbao, zinaposhusha samaki na mikaa, kikosi chetu kilivunjwa na baadhi yetu tukapelekwa polisi. Clairon yangu ilikuwa imepigwa dafrau na lori, ina bonde ubavuni, na mkubwa wa ghala aliiandika kwenye daftari kuwa imekufa. Akanipa niende na maiti yangu.

Shule ya polisi ilinitesa kuliko jeshi. Nilikuwa nimezoea amri, na pale nikakuta maandishi. Kuna déclaration, maneno ya mlalamikaji kama alivyoyasema. Kuna procès-verbal, tunaita PV, ambamo unaandika ulichokiona wewe, si ulichokisikia kwa jirani. Kuna garde à vue, kumweka mtu ndani kwa muda uliopimwa na sheria, si kwa muda wa hasira yako. Commissaire mwalimu, mtu mfupi mwenye miwani, alinikamata siku moja nikimkaba mwanafunzi mwenzangu katika zoezi.

"Asumani, kule jeshi walikufundisha kumaliza. Hapa tunakufundisha kungoya. Mutu anaingia kwa mukono yako muzima, anafika mbele ya juge muzima. Ile tu."

Nyinyi mnaoingia polisi leo, kama mtasahau yote niliyoandika humu, shikeni hilo la Commissaire.

Nilipangwa kwenye sous-ciat moja ya mtaani. Sous-ciat ni kituo kidogo: meza, benchi, chumba cha kufungia, na mbele yake mlingoti wa bendera. Commandant aliyetuongoza alikuwa mkali wa usafi na saa. Alipojua nina clairon alifurahi kama mtoto. Vituo vingine vilipuliza filimbi wakati wa bendera. Chetu, asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kilipiga clairon. Na mnajua sheria ya huku kwetu: bendera ikipanda au ikishuka, kila mtu anasimama alipo. Mwendesha toleka, ile baiskeli ya abiria, anaweka mguu chini pamoja na abiria wake. Mama mwenye beseni kichwani anasimama nalo. Zamani aliyeendelea kutembea alikula fimbo, tusifiche, na ndiyo maana miili yetu inasimama hata kabla ya akili kuamua.

Sasa niwaeleze ile siku.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, Commandant yuko mkutanoni mjini. Kituoni tulibaki watatu: mimi, mwenzangu Mama Béa, na agent mgeni kazini aitwaye Musa, mwenye bunduki moja ya kituo. Tukasikia kelele. Mwanamume mmoja anakuja mbio kuelekea kwetu, shati limechanika, na nyuma yake watu wamejaa barabara. Mbele yao yuko Fredi, fundi wa kuunga vyuma, tunayemjua sana, anapiga kelele kwamba huyu ameiba moto yake. Pikipiki tunaiita moto. Walimwangusha hatua ishirini kutoka mlingoti wetu. Mtu mmoja akatoa tairi kwa kwado, fundi wa matairi, akaja analiviringisha. Mwingine ana kidumu cha petroli.

"Siku makumi ine zake zimetimia," mtu akasema, na wengine wakaitikia.

Nikajua kitakachofuata. Nilishakiona mara moja, mahali pengine, nikiwa nimechelewa.

Musa akakoki bunduki. "Papa Asumani, nipige juu?"

"Weka chini," nikamwambia. Vitani nilijifunza kwamba risasi ya hewani haitawanyi umati uliobanana. Wa mbele wanataka kurudi, wa nyuma wanasukuma waone, na aliye chini anakanyagwa na wote. Tena watu wenye mawe mia wakiona bunduki moja wanajua kuhesabu.

Nikatoka mlangoni, nikapaza sauti kwamba polisi tunamchukua. Hakuna aliyegeuka. Sauti yangu ilikuwa moja kati ya sauti mia mbili. Hapo nikakumbuka kwamba nina sauti nyingine, ndani, imetundikwa msumarini. Nikaingia, nikarudi na clairon mlangoni.

"Mama Béa, kwenda kwa kamba ya bendera. Nikipiga, shusha. Pole pole kabisa."

Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Saa munane, Papa Asumani? Bendera? Watatufunga."

"Watufunge. Shusha."

Nilikuwa nimetoka kula sombe yenye pilipili, na midomo ilikuwa mikavu kwa woga. Sauti ya kwanza ilitoka mbovu kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikalamba midomo, nikavuta pumzi kutoka magotini, nikapiga Au drapeau kama nilivyowapigia marais na majenerali.

Wallahi, walisimama. Sitii chumvi. Kelele zilikatika kama mtu amefunga bomba. Mwenye kidumu alikishusha pajani na kunyoosha mgongo. Mwenye tairi alilishika lisianguke. Fredi, mwenye moto, alisimama wima, macho kwenye mlingoti, na jasho linamtiririka. Na yule mtu aliyekuwa chini, damu usoni, midomo imepasuka, badala ya kukimbia aliinuka polepole, akaweka mikono ubavuni, naye akasimama kwa heshima ya bendera.

Hapo nikaona kosa langu. Mpiga clairon hawezi kuacha kupiga aende kumchukua mtu. Mama Béa yuko kwenye kamba. Nikamtolea Musa macho. Naye alikuwa amesimama wima mlangoni, mkono kwenye kofia. Raia mwema kabisa. Bendera ilikuwa imefika nusu. Nikarudia mlio kutoka mwanzo, jambo lisilofanywa, na Mama Béa akaelewa: akaanza kushusha kwa upana wa kidole, kidole baada ya kidole. Nikarudia mara ya tatu. Midomo ilikuwa inachanika, naonja damu yangu. Nikampiga Musa teke la mguuni.

Ndipo akazinduka. Akatembea zile hatua ishirini, mtu pekee anayetembea barabara nzima, akamshika yule mtu mkono, akarudi naye katikati ya watu waliosimama. Niliwaona wawili watatu wakitikisika, wanataka kumzuia, na bendera inawakataza. Mlango ukafungwa. Nikamaliza sauti ya mwisho, nikaivuta ndefu kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Tuliikunja bendera sawasawa. Watu wakabaki wanatazamana. Halafu mama mmoja mwenye beseni la ndizi akauliza, "Kwani ni saa ngapi?" Mtu akacheka, na mwingine akacheka. Hasira ikikatwa katikati hairudi kirahisi. Mwenye tairi akalirudisha kwa kwado kimya kimya.

Nilimwita Fredi aingie peke yake atoe déclaration. Mshtakiwa alijitaja: Lokangu, mchuuzi wa samaki wa Yanonge, amekuja mjini kununua nyavu, na alikuwa ameegemea ukuta mahali moto ilipokuwa imeegeshwa. Basi. Sikufika nusu ya ukurasa, shemeji yake Fredi akafika mlangoni juu ya moto ile ile. Alikuwa ameichukua bila kuaga kumpeleka mtu Bangboka kuwahi ndege. Fredi aliiangalia moto, akamwangalia Lokangu, kisha akakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti. "Ningeua mutu," alisema, tena na tena. "Ningeua mutu juu ya chuma."

Commandant alirudi saa kumi. Aliona mlingoti mtupu toka mbali, akaingia uso umempauka.

"Nani amekufa?"

Sikuweza kumjibu, midomo ilikuwa imevimba kama ya siku ya likizo. Mama Béa akaeleza. Commandant akasikiliza yote, akakaa, akachukua karatasi, akaniandikia demande d'explication. Hiyo ni barua ambayo mkubwa anakutaka ujieleze kwa maandishi kabla hajakuadhibu. Kushusha bendera bila amri si mchezo. Ningeweza kuvuliwa sare. Niliangalia ile karatasi, yenye mistari ya kujaza ukurasa mzima, na nikaandika sentensi moja: "Mon commandant, umeuliza nani amekufa, hakuna mutu amekufa."

Aliisoma muda mrefu. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Asumani, nikikuacha hivi, wakubwa wataniuliza. Nitakupa blâme. Itabaki kwa dossier yako mpaka siku ya pension."

Nilichemka. Nilitegemea medali, naye ananipa karipio la maandishi. Nilitaka kusema neno, na midomo ikakataa, alhamdulillahi. Nyumbani baba yangu, mzee sana wakati ule, aliniambia bora lawama kuliko fedheha, akaendelea na cherehani yake. Ile blâme ilinichelewesha cheo mara mbili. Niliwapigia saluti vijana niliowafundisha kufunga mikanda. Iliuma, sitaki kujifanya malaika.

Nimestaafu sasa. Nafuga kuku na kugombana na jirani kuhusu mfereji. Nikitazama nyuma, naona kazi ya polisi ni ya dakika chache sana katika miaka mingi. Siku nyingi unaandika PV za mbuzi na za wanandoa. Lakini zile dakika hazitangazi kwamba zinakuja, na zinakukuta na ulichojifunza, kiwe bunduki au upepo.

Siku ya kuniaga walitupanga uwanjani, na katibu akasoma dossier yangu, faili la kazi, mbele ya watu: kambi nilizokaa, vituo, likizo za ugonjwa. Lokangu alikuwa amekuja kwa mtumbwi kutoka Yanonge na mke wake, wamekaa viti vya nyuma. Fredi alikuwa pembeni yao. Katibu akafika pale, akashusha sauti kidogo kwa kunionea aibu: "Blâme moja. Alishusha bendera ya taifa saa nane za mchana, bila amri." Vijana mstarini wakaangalia viatu vyao.

Nyuma kule mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Alikuwa Lokangu, amesimama, anapiga kwa nguvu zote. Mke wake akasimama. Fredi akasimama. Mama Béa akafuata, halafu uwanja mzima, hata wasiojua kwa nini. Katibu akaniangalia, karatasi mkononi, hajui aendelee au anyamaze.

"Soma tena," nikamwambia. "Ile ya blâme."