Awinja Ukweni Bukura

Awinja wa kijiji cha Malinya alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa saba sasa, na mtu asikudanganye kwamba aliuzoea. Nani huzoea kujidunga sindano ya paja kila kukicha? Ila aliuheshimu. Chupa ya dawa aliifunga kwa nailoni akaiweka kando ya mtungi wa maji, pale penye baridi. Obusuma, ugali wa kwao, alijipimia matonge machache, mboga za majani tele, chai bila sukari. Jioni alitembea hadi Sigalagala na kurudi, na majirani walipomcheka eti anatafuta mume wa pili, aliwajibu kwamba marehemu alimtosha.

"Ukijidunga, ule," nesi wa kliniki alimwambia kila mwezi. "Usipokula, dawa hiyo itakuangusha."

Basi Agosti ya mwaka wa tisini na sita, binti yake Lynette akajifungua mtoto wa kwanza kule Bukura, alikoolewa na Wandera, fundi wa matrekta. Shida ilianzia hapo. Kwao Awinja, mama mkwe hali nyumbani kwa mkwe wake, hata maji hanywi, mpaka wazee wa pande zote mbili wakutane naye avishwe blanketi. Wandera alikuwa bado hajawaita wazee, akingoja mavuno apate pesa. Tena mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja wala hawagusani.

Awinja akajipangia. Alijidunga alfajiri, akanywa kikombe kimoja cha uji, akasema atamwona mtoto, na ikifika saa sita atakuwa kwake anakula. Abebe chakula? Haya, mtu aende kwa binti yake na chakula kikapuni, kana kwamba huko hakupikwi? Hata ile sukari ya kufunga kwenye leso, ambayo nesi alimsisitizia, aliiacha mezani kwake makusudi; kulamba nako si ni kula?

Mvua ikaanza saa nne, ikanyesha kama iliyotumwa. Hakukuwa na gari wala njia. Awinja akaketi na mjukuu mapajani, saa sita ikapita, saa nane ikapita. Lynette akaleta obusuma na ingokho, harufu ya kuku ikajaa nyumba nzima.

"Mama, kula. Hakuna anayekuona."

"Mimi najiona," akajibu.

Jasho likamtoka, mikono ikaanza kutetemeka. Akamrudishia Lynette mtoto upesi, asije akamwangusha. Aliogopa, aliogopa sana, na bado akafunga mdomo. Ukaidi gani huo, jamani. Halafu maneno yakamkwama, shingo ikalegea, akateleza kutoka kitini hadi sakafuni.

Lynette akapiga mayowe. Wandera alikuwa amejibanza jikoni, nje, tangu asubuhi, akimpisha mama mkwe kwa heshima. Aliingia mbio, na Lynette akamwambia ni sukari imeshuka. Alimlaza mama wa watu ubavu, akakiweka kichwa chake gotini, akawa anachovya kidole kwenye kopo la sukari na kumpaka ndani ya shavu, tena na tena, huku akisema: "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Awinja alipofumbua macho, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa mkwe wake. Wandera akainuka, akatoka kwenye mvua bila koti. Awinja akajifunika uso kwa shali ya mtoto, akalia. Alilia kwa aibu ya kushikwa na mkwe, akalia zaidi kwa kuwa alikaribia kufa mbele ya mjukuu wake, na sahani ya chakula iko mezani.

Lynette akamsogezea chai yenye sukari. "Mama, tafadhali."

Awinja akayafuta machozi kwa ile shali.

"Mwambie mumeo aite wazee Jumamosi hii," akasema. "Asingoje mavuno. Mimi huenda nisifike mavuno."

Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.